Malainibeki Bora wa Historia: Kwa Nini Namba Moja Nawapa Watu Wasio na Kikombe

Wadau, nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi, kazi za gazeti zilinibana. Leo narudi na ubishi ulionikosesha usingizi.

Ulianza usiku wa Super Bowl. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki mechi ile huanza yapata saa nane na nusu usiku, kwa hiyo chumba cha habari tulibaki wachache, na chupa ya chai tu. Kaka mmoja wa dawati la michezo akatamka kwamba walinzi ambao hawakutwaa ubingwa hawana nafasi kwenye historia. Nikambishia. Tukabishana mpaka kukakucha, na toka siku hiyo nimekuwa nikiangalia mechi za zamani kwenye intaneti kila nikipata nafasi.

Kwa ambao mpira wa miguu wa Kimarekani hauwapandi, maelezo mafupi. Kila upande una watu 11. Upande unaolinda, mbele wanasimama mapande ya watu ya kusukumana, na nyuma kabisa kuna wenye mbio wanaolinda pasi ndefu. Katikati ndipo walipo malainibeki, watatu au wanne kutegemea mfumo. Wafikirie kama namba sita watatu kwa mpigo. Mbeba mpira akipenya, wao ndio wamwangushe. Pasi fupi ikirushwa, wao waizuie. Na kotabeki, yule mpangaji anayerusha mpira, akizubaa, wamshukie.

Sasa kundi unalipimaje? Mimi nina maswali mawili. La kwanza: mpinzani akimkwepa nyota wao, anakutana na nani? La pili: ukiwatoa hao malainibeki, timu inabaki na nini? Hivyo ndivyo nilivyopanga tano bora zangu.

5. Chicago Bears, 1985. Mike Singletary katikati, Wilber Marshall na Otis Wilson pembeni. Msimu ule Bears walishinda mechi 15 na kupoteza moja. Kwenye mtoano waliwafunga Giants 21-0 na Rams 24-0, kisha Januari 1986 wakawafumua New England Patriots 46-10 kwenye Super Bowl. Singletary alichaguliwa mlinzi bora wa mwaka. Kwa nini basi wa tano? Swali la pili linawaponza. Mbele yao walikuwapo Richard Dent na Dan Hampton, na mfumo wa Buddy Ryan wa kupeleka watu wengi kwa kotabeki ulimchanganya kila mtu. Ukiwatoa malainibeki, bado unabaki na ulinzi wa kutisha.

4. New York Giants, 1986. Najua hapa nitarushiwa mawe. Lawrence Taylor huenda ndiye mlinzi hatari kuliko wote waliowahi kuucheza mchezo huu. Mwaka 1986 aliwaangusha makotabeki mara 20 na nusu (nusu hutokea wawili wanapogawana) na akapewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Tangu hapo hakuna mlinzi mwingine aliyeipata. Alikuwa na Harry Carson, Carl Banks na Gary Reasons, na Januari 1987 wakawafunga Denver Broncos 39-20. Lakini jua likiwaka nyota hazionekani. Washington chini ya Joe Gibbs walibadili namna ya kumlinda kotabeki wao kwa sababu ya mtu mmoja, Taylor. Mimi leo napima kundi.

3. Kansas City Chiefs, mwisho wa miaka ya 1960. Bobby Bell, Willie Lanier na Jim Lynch. Hawa wana historia inayozidi uwanja. Enzi zile makocha wengi hawakumpa mchezaji mweusi nafasi ya katikati, maana anayesimama pale ndiye anayepanga ulinzi na kuwaambia wenzake la kufanya. Waliamini mweusi ana misuli, akili hana. Mwaka 1967 Chiefs waliwateua vijana wawili katika duru ileile ya pili: Lynch, mzungu kutoka Notre Dame, na Lanier, mweusi kutoka Morgan State. Kocha Hank Stram akampa Lanier katikati, Lynch akaenda pembeni. Januari 1970 wakawazuia Minnesota Vikings na kushinda 23-7. Bell na Lanier wote wako kwenye jumba la heshima la mchezo huo kule Canton, Ohio.

2. Pittsburgh Steelers, 1974 hadi 1976. Jack Ham, Jack Lambert na Andy Russell. Kwa swali la kwanza, hawana mpinzani. Ukimkimbia Lambert, yule mwembamba asiye na meno ya mbele, unamkuta Ham, ambaye katika maisha yake ya uchezaji alinasa pasi 32. Ukimkimbia Ham unamkuta Russell, mzee wao, aliyekuwa akiusoma mchezo kama kitabu. Mwaka 1976 walianza vibaya, ushindi mmoja katika mechi tano. Baadaye wakashinda tisa mfululizo, na katika hizo tisa walifungwa pointi 28 tu. Mechi tano kati yake wapinzani hawakupata hata pointi moja! Ila mbele yao alikuwapo Joe Greene, nyuma Mel Blount. Mzigo uligawanywa.

1. New Orleans Saints, 1986 hadi 1992. Rickey Jackson, Vaughan Johnson, Sam Mills na Pat Swilling. Watu waliwaita Dome Patrol, yaani askari wa doria wa uwanja wenye kuba.

Saints walianzishwa 1967, na miaka 20 ikapita bila msimu hata mmoja ambao ushindi ulizidi vipigo. Mwaka 1987 wakamaliza na ushindi 12 na vipigo 3. Misimu ya 1991 na 1992 hakuna timu iliyofungwa pointi chache kuliko wao. Swilling alikuwa mlinzi bora wa 1991. Msimu wa 1992 wote wanne walichaguliwa kwenye Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, jambo ambalo malainibeki wanne wa timu moja hawakuwahi kulifanya.

Na kwenye mtoano? Mara nne waliingia, mara nne wakatoka mechi ya kwanza. Kile kipigo cha 44-10 kutoka kwa Vikings siwatetei. Lakini ile ya mwisho, 36-20 dhidi ya Philadelphia Eagles, Saints waliongoza 20-7. Kisha kotabeki wao akaporwa pasi iliyorudishwa kuwa pointi, na akaangushwa ndani ya eneo lake mwenyewe. Hayo unamlaumuje lainibeki?

Mfikirieni Sam Mills. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 175, na timu zilimwacha kwa sababu ya ufupi. Akaenda kufundisha sekondari huko New Jersey kabla ya kupata nafasi kwenye ligi nyingine, ambako kocha Jim Mora alimwona na baadaye akamleta New Orleans. Saratani ilimuua 2005. Jumba la heshima lilimpokea 2022, miaka 17 baadaye.

Kaka yangu wa dawati la michezo bado anasema kikombe ndiyo hesabu ya mwisho. Mimi namjibu kwamba kikombe hubebwa na watu zaidi ya 40, na wengine kati yao hawakugusa mpira. Tukihesabu vikombe peke yake, yule mwalimu mfupi wa New Jersey tungekuwa tumemsahau zamani.

Haya, mawe yaanze.