Bugaluu Haikurudishwa na Sinema: Fundi, Belo na Mavazi ya Vijana wa Mpanda

Mwaka 1937 James Laver, mwanahistoria wa mavazi wa Uingereza, alichapisha jedwali ambalo waandishi wa mitindo hawajaliacha hadi leo. Kwa hesabu yake, vazi lilelile ni utovu wa adabu miaka 10 kabla ya wakati wake, huchukiza miaka 10 baada ya wakati huo kupita, na likitimiza miaka 150 huonekana zuri upya. Mwaka 1940 Jane Richardson na A. L. Kroeber walipima michoro ya magauni ya karne tatu, wakaona upana wa sketi ukienda na kurudi kwa mzunguko wa takribani karne moja. Tangu hapo, kila fasheni inaporudi husemwa kwamba muda wake umetimia. Na akiulizwa aliyewakumbusha vijana, hutajwa sinema.

Makala haya yanazikataa hoja zote mbili pale zinapoletwa Mpanda, mkoani Katavi. Katika kata ya Ilembo, kama kwingineko nchini, suruali pana ziitwazo bwanga zimerudi kwa vijana ambao babu zao walivaa bugaluu, suruali zilizopanuka miguuni, na viatu vya raizoni vyenye soli nene. Ni rahisi kusema wameziona kwenye filamu. Lakini filamu hazikuwahi kuisha Tanzania. Kilichowahi kuisha ni kitambaa.

Kwamba sinema ilifundisha watu kuvaa, hakuna mtafiti makini anayebisha. Laura Fair ameandika historia ya majumba ya sinema ya Tanzania katika kitabu chake cha 2018, na Thomas Burgess ameeleza katika makala ya 2002 jinsi vijana wa Unguja walivyochukua vimini na bugaluu kwenye filamu za nje huku watawala wa baada ya Mapinduzi wakiyapiga vita mavazi hayo. Ugomvi uko kwingine. Kazi hizi huwaweka mbele mtazamaji na dola, mmoja akitamani na mwingine akikataza, na fundi cherehani anabaki pembeni kama mtu wa kutumwa tu. Bila yeye hapana tamaa iliyopata mguu wala pindo.

Kampeni ya Operesheni Vijana ndiyo inayolionyesha hilo vizuri zaidi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 1969 vimini, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana havitavumiliwa jijini Dar es Salaam. Andrew Ivaska, aliyeitafiti kampeni hiyo kwa kina, anaisoma kama vita juu ya utamaduni wa taifa na juu ya wanawake wa mjini, na yuko sahihi. Ila orodha yenyewe yapaswa kusomwa tena kwa jicho la fundi. Suruali ya kubana haikulazimika kununuliwa: ilitosha kumpelekea fundi suruali ya kawaida akaibana mapajani. Kimini vilevile ni sketi iliyokatwa. Yaliyopigwa marufuku, kwa sehemu kubwa, ni mambo yanayofanyika kwa mkasi, sindano na uzi, tena yanayopunguza kitambaa badala ya kukiongeza.

Bugaluu ni kinyume chake, kwa kuwa inakula kitambaa. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 fundi bado alikuwa na jora la kukata. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, viwanda vikakosa vipuri, watu wakapanga foleni kupata nguo. Mwaka 1983 serikali ilikuwa ikiwasaka wahujumu uchumi na walioficha bidhaa. Nani angepoteza kitambaa kwa kupanua mguu wa suruali? Atakayejibu kwamba wakati huo hata Ulaya suruali zilikwisha kubana atakuwa ameieleza Ulaya. Mpanda, iliyofikiwa na tawi la reli kutoka Kaliua mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, haikuvaa kwa kalenda ya Paris. Ilivaa kilichoshuka kwenye behewa.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na mitumba, ambayo watu waliiita kafa Ulaya, ikaanza kumiminika. Hapo hesabu ya Laver inavunjika kabisa. Belo la mitumba halina mwaka. Ndani yake jinzi ya modo, yaani ya kubana, iliyotupwa juzi imelala juu ya suruali ya ofisini ya miaka ya 1990, na zote hufunguliwa asubuhi moja. Isitoshe, nguo nyingi za Marekani huja na saizi kubwa. Fundi akipokea suruali ya mtu mnene hubana kiuno na kuuacha mguu ulivyo, na hiyo tayari ni bwanga. Mvaaji ataipa jina la mwigizaji anayempenda, lakini upana ule ulikuwamo ndani ya belo kabla ya filamu.

Je, hii inamgeuza kijana wa Ilembo kuwa mpokeaji wa chochote? Karen Tranberg Hansen, katika utafiti wake wa mitumba ya Zambia uliotoka mwaka 2000, alionyesha kwamba wanunuzi huchagua kwa ukali na kwa ujuzi mkubwa. Kweli, na picha husaidia kuchagua. Lance Spearman, mpelelezi wa hadithi za picha za jarida la African Film, alijulikana Afrika Mashariki kwa kofia na tai ya kipepeo, hata kwa wasomaji ambao hawakuwa na jumba la sinema karibu. Baadaye Lufufu aliwatafsiria watazamaji wa vibanda umiza, yaani vibanda vya video, filamu za kigeni kwa Kiswahili. Walichojifunza hapo ni mwendo, namna ya kusimama, kofia ikae upande gani. Hayo si madogo. Ila huvalishwa nguo iliyopo.

Ushahidi wa magauni ni mgumu zaidi kwa hoja hii. Mishono ya vitenge na vilemba iliyoonekana kwenye filamu za Nigeria, kisha kwenye filamu za Bongo, ilinakiliwa moja kwa moja, na leo mteja humwonyesha fundi picha kwenye simu. Hapo sinema ilitangulia. Lakini hata hapo kitenge kipya kilikuwapo sokoni, kwa bei inayonunulika.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilitishia kuziondoa nafuu za AGOA, sheria yake ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, na kufikia 2018 Rwanda peke yake ndiyo iliyoshikilia msimamo, ikasimamishiwa nafuu ya mavazi. Mjadala ulihusu viwanda na ajira, na hakuna aliyeuliza mitindo ingekuwaje. Kwa mtazamo wa makala haya, kama mpango ule ungetekelezwa Tanzania, bwanga isingefika Ilembo kwa sura iliyofika nayo, hata kama kila kijana angetazama filamu zilezile. Mtafiti atakayeandika historia ya mavazi ya Katavi aanze na stakabadhi za mabelo na daftari za vipimo za mafundi, kisha ndipo afungue orodha za filamu.