Wadudu wa sanduku la nyungunyungu

Wadudu wa sanduku la nyungunyungu ni viumbe wadogo wanaoishi pamoja na nyungunyungu katika mboji ya mabaki ya jikoni na shambani. Nyungunyungu hana meno, naye hula kilichokwisha kulainika. Kulainisha huko ni kazi ya bakteria, kuvu na wadudu hawa. Ndiyo maana sanduku lisilo na mdudu hata mmoja huwa jipya, au limekauka.

Walio wengi zaidi ni kolembola, wenye urefu wa milimita moja au mbili, wasio na mabawa. Wakiguswa huruka kwa kiungo kilichokunjwa chini ya tumbo. Chakula chao kikuu ni kuvu. Utitiri wekundu hufurika pale mabaki yanapozidi na kulowa. Jongoo hutafuna majani makavu. Kuna pia vinyoo vyeupe ambavyo wengi huvidhania watoto wa nyungunyungu; hivyo hupenda uchachu, na vikijaa, maganda ya mayai yaliyopondwa au majivu kidogo hutosha kurekebisha mboji.

Funza wa nzi *Hermetia illucens*, mwenye asili ya Amerika, hali nyungunyungu. Tatizo lake ni ulafi: humaliza chakula na kupandisha joto, na *Eisenia fetida*, nyungunyungu anayefugwa zaidi duniani, hastahimili nyuzi 35. Ili kumzuia, mabaki yafukiwe, kisha yafunikwe kwa majani makavu.

Maadui wa kweli ni wachache. Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami lililotengwa na Katanga mwaka 2015, imezungukwa na miombo, na huko wa kuogopwa ni siafu (*Dorylus*). Huja kwa msafara, mara nyingi usiku, na wakiingia hawabakizi kitu. Miguu ya sanduku husimamishwa ndani ya makopo ya maji, lakini jani moja linaloegemea sanduku ni daraja tosha kwao. Tandu naye hula nyungunyungu. Hutolewa kwa kijiti, si kwa mkono.

Mchwa ni kisa kingine. Hawashambulii nyungunyungu, ila hula mbao za sanduku na karatasi zilizotandikwa ndani, hivyo bidoni la plastiki lililokatwa linafaa kuliko kreti. Katika miombo ya kusini mwa Katanga wao ndio waozeshaji wakuu: *Macrotermes falciger* hujenga vichuguu vinavyopita mita 5, na ndani yake hulima kuvu wa *Termitomyces* juu ya majani na miti waliyotafuna. Wakati wa kiangazi, udongo wa juu unapokuwa mkavu mno kwa nyungunyungu wa porini, mchwa huendelea na kazi.

Huko, baridi ya usiku wa Juni na Julai hupunguza kasi ya *Eudrilus eugeniae*, nyungunyungu wa Afrika Magharibi anayependa nyuzi 25 hadi 30. Akila polepole, chakula kilichobaki huwa cha utitiri na nzi, kwa hiyo miezi hiyo kipimo cha mabaki hupunguzwa.