Kima cha chini cha mshahara: Unastahili kiasi gani Kenya, Tanzania na Uganda?

Mfagiaji wa duka katika mji wa Busia, upande wa Kenya, kisheria hapaswi kulipwa chini ya takriban KSh14,866 kwa mwezi. Akivuka mpaka akashika ufagio uleule Busia ya Uganda, kiwango pekee kilichowahi kuwekwa ni USh6,000 kwa mwezi. Hiyo ni kama KSh220.

Hujasoma vibaya. Ni KSh220 kwa mwezi mzima.

Jumuiya ya Afrika Mashariki haina mshahara mmoja. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaruhusu wafanyakazi wa nchi wanachama kuvuka mipaka kutafuta kazi na inakataza wabaguliwe kwa sababu ya uraia. Ila kiwango cha malipo kila nchi inajipangia yenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza si "nchi gani inalipa vizuri?" Swali ni "mimi niko kundi gani, na nani atahakikisha nalipwa?"

(Kwenye hesabu zetu KSh1 ni takriban TSh19 au USh27. Viwango hivi hupanda na kushuka.)

Kenya: inategemea uko wapi

Amri inayotumika hapa ilianza 1 Novemba 2024, baada ya nyongeza ya asilimia 6. Kwa kundi la vibarua wa kawaida, ambamo wamo wafagiaji, watunza bustani, mesenja na wafanyakazi wa nyumbani, viwango viko hivi:

- Nairobi na miji mingine mikubwa kama Mombasa na Kisumu: KSh16,113
- Miji iliyokuwa manispaa, kama Busia: takriban KSh14,866
- Maeneo mengine yote: takriban KSh8,600

Angalia hapo vizuri. Dada wa kazi wa Nairobi anastahili karibu mara mbili ya mwenzake wa kijijini, na wote wako nchi moja. Mashambani kuna amri nyingine kabisa, na kibarua asiye na ujuzi maalum anaanzia karibu KSh8,000.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba pesa hizo ni mshahara wa msingi tu. Mwajiri asiyekupa pa kulala anatakiwa kuongeza posho ya nyumba ya asilimia 15. Kwa Nairobi hiyo ni zaidi ya KSh2,400, na jumla inafika KSh18,500 hivi.

Tanzania: inategemea sekta

Tanzania Bara haiangalii mji, inaangalia kazi. Kilimo kina kiwango chake, na vivyo hivyo migodi, hoteli, ulinzi, benki na kazi za ndani.

Serikali ilitangaza amri mpya ya sekta binafsi Oktoba 2025, ikaanza 1 Januari 2026. Namba iliyozunguka sana mitandaoni ni TSh358,322, kutoka TSh275,060, sawa na ongezeko la takriban asilimia 30.3.

Hapa ndipo watu wanapotegwa. TSh358,322 ni wastani wa sekta zote kwa pamoja. Ndani yake kuna benki na migodi inayolipa juu, na kuna shamba na kazi za ndani zinazolipa chini. Usiende kwa bosi wako wa mgahawa ukitaja namba hiyo. Tafuta mstari wa sekta yako kwenye jedwali la amri.

Ukitaka kuona tofauti ilivyo kubwa, chukua amri iliyotangulia, ya 2022. Mfanyakazi wa nyumbani kwa mwanadiplomasia alianzia TSh250,000. Anayelala kwa bosi wa kawaida alianzia TSh60,000. Sufuria ni zilezile na ufagio ni uleule.

Usichanganye pia na watumishi wa umma, ambao kima chao kilipanda kutoka TSh370,000 hadi TSh500,000 Julai 2025. Zanzibar nayo ina sheria yake ya kazi na viwango vyake.

Uganda: namba ya 1984

Ile USh6,000 iliwekwa mwaka 1984. Thamani ya pesa imeporomoka tangu hapo na leo hakuna anayeitumia kwa chochote.

Bunge lilipitisha muswada wa kima cha chini Februari 2019. Ungeruhusu kila sekta kupangiwa kiwango chake. Rais Yoweri Museveni alikataa kuutia saini, na hoja iliyorudiwa na wapinzani wa muswada huo ni kwamba ungewafukuza wawekezaji. Matokeo yake, mshahara Uganda ni maelewano kati yako na bosi, na mwenye njaa ndiye anayekubali haraka.

Rwanda haiko mbali na hapo. Kwa miaka mingi kiwango kilichojulikana ni faranga 100 kwa siku, na hazitoshi hata kununua soda.

Usilinganishe pesa bila saa

Tanzania, saa za kawaida hazipaswi kuzidi 45 kwa wiki. Kenya, amri ya jumla inaruhusu 52. Kwa mwezi ni kama saa 195 dhidi ya 225. Yaani hata mishahara ikiwa sawa, wa Kenya amefanya saa 30 zaidi. Baada ya hapo ni ovataimu, ambayo katika nchi zote tatu huanzia mara moja na nusu ya malipo ya kawaida.

Sheria ipo, pesa iko wapi?

Kenya na Tanzania zina namba nzuri kwenye karatasi, lakini kati ya karatasi na mfuko wako kuna bosi. Mbinu zinazotumika kukwepa zinafanana pande zote za mpaka:

- Kukuita kibarua miaka nenda rudi ili usionekane mwajiriwa
- Kukukata chakula na malazi hadi kinachobaki hakina maana
- Kukusainisha kiasi kimoja na kukupa kingine mkononi
- Kutokupa mkataba, halafu kusema "tulikubaliana kwa mdomo"

Hiyo ya mwisho inawatisha wengi bure. Kenya na Tanzania, mwajiri asiyeweza kuonyesha maandishi ya masharti ya kazi ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana. Kukosa mkataba si mwisho wa kesi yako.

Na "lakini ulikubali mwenyewe" si utetezi. Sheria ya Kenya inasema wazi kwamba kima cha chini hakibadilishwi kwa makubaliano. Ukisaini KSh9,000 Nairobi, kisheria mkataba unasomeka KSh16,113. Tanzania nako mwajiri anaruhusiwa kulipa juu ya amri, si chini yake.

Hilo linamhusu pia mgeni. Mtanzania au Mganda anayefanya kazi Mombasa analindwa na kiwango cha Mombasa, si cha kwao.

Ukigundua unalipwa chini

1. Weka ushahidi. Meseji za M-Pesa au benki, picha za daftari la mahudhurio, jumbe za WhatsApp na bosi. Usifute.

2. Andika tarehe uliyoanza, saa unazofanya na kila kiasi ulichopokea.

3. Tanzania: nenda kwa ofisa kazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ujaze fomu namba 1. Una siku 60 tangu mgogoro utokee. Kama umeachishwa kazi ni siku 30 tu.

4. Kenya: anza ofisi ya leba ya kaunti, ikishindikana Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Muda ni miaka 3, ila kwa kosa linaloendelea ni miezi 12 tangu lilipokoma.

5. Uganda: ofisa kazi wa wilaya hana kiwango cha maana cha kumbana bosi, lakini anaweza kudai ulipwe mlichokubaliana. Ndiyo maana huko maandishi ni muhimu zaidi.

Angalia tena hizo siku 60. Ukikaa unasubiri bosi "ajirekebishe" hadi mwezi wa tatu, muda wako wa kudai CMA unakuwa umeshapita, na itabidi kwanza uombe uruhusiwe kuchelewa.