Jalada Lipo, Lakini Liko Wapi?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa haraka laweza kuonekana dogo, nalo ni mpangilio wa makabati, namba na majina ya majalada. Si jambo dogo hata kidogo. Kwa sababu ya jambo hilo, mzee mmoja wa kata ya Ruanda, wilayani Mbinga, amekuwa akionekana mwongo mbele ya wajukuu zake.

Mzee huyo, ambaye amekwisha vuka miaka themanini, aliniletea ujumbe kwa simu ya mjukuu wake. Kata ya Ruanda, kwa wale wasioijua, ndiko uliko mgodi wa makaa ya mawe wa Ngaka, katika kijiji cha Ntunduwaro, ambako uchimbaji ulianza mwaka 2011. Vijana wa huko wamekua wakiona malori yakipita na shehena, na wengi wao wanaamini kwamba makaa hayo yaligunduliwa na hao hao waliokuja kuyachimba. Mzee anakataa. Asema kwamba baba yake, alipokuwa kijana, alimbebea mizigo Mzungu mmoja mwenye nyundo aliyekuwa akigonga mawe kando ya mito, na kwamba Mzungu yule alijua vema alichokuwa akikitafuta. Vijana wakimsikia hucheka. "Mwanangu," akaniambia, "wewe uko huko Dar es Salaam kwenye makaratasi ya Serikali. Nitafutie karatasi moja tu."

Karatasi moja tu! Nami nilidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Nilikwenda Upanga, yaliko makao ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Nchi yetu ilikuwa na umri wa miaka miwili tu ya uhuru, mwaka 1963, Serikali ilipoamua kuanzisha hifadhi hiyo, na sheria yake ya kwanza ikapitishwa mwaka 1965. Waliopewa kazi hiyo walirithi makaratasi ya tawala mbili za kigeni. Yale ya Wajerumani yalikuwa na safari yake ya ajabu, kwani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wenyewe waliyafukia ardhini, mengine huko Tabora, yasiangukie mikononi mwa Waingereza, na baada ya vita yakafukuliwa. Fikiria, msikilizaji, karatasi iliyolala mchangani na kuamka na kutu ya pini zake. Karatasi hizo zilinusurika, lakini kunusurika ni nusu ya kazi.

Nusu ya pili ilifanywa kati ya mwaka 1967 na 1969, wataalamu wa nyaraka kutoka Ujerumani waliposhirikiana na hifadhi yetu kuzipanga upya. Walizigawa kwa mambo yanayozungumzwa ndani yake, kila fungu likapewa herufi G na namba yake. Mambo ya misheni na shule, kwa mfano, yakawa katika G 9. Mwaka 1973 Eckhart Franz na Peter Geissler wakachapisha huko Marburg orodha kamili ya majalada hayo katika vitabu viwili. Mwaka 1997 UNESCO ikaziingiza nyaraka hizo katika daftari lake la Kumbukumbu ya Dunia. Tangu hapo mtu akitoka popote duniani aweza kufungua kitabu kile, akaona namba, akaandika namba hiyo kwenye fomu, akaletewa jalada mezani.

Basi nami nikafungua, nikatafuta Ruanda. Nikajikuta Kigali.

Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Zama za Wajerumani, Afrika ya Mashariki yao ilijumuisha pia Ruanda ile ya wafalme, ambayo leo twaiandika Rwanda, na tangu mwaka 1907 ilikuwa na mwakilishi wao mkuu, Daktari Richard Kandt, aliyeweka makao yake Kigali. Kwa karani wa Kijerumani, neno Ruanda lilikuwa na maana moja tu, na maana hiyo haikuwa vilima vya Mbinga. Kumbe hata hapa nyumbani liko jina hilo hilo kule Mbeya mjini. Majina yanasafiri, nayo hayabebi vitambulisho.

Mtunza nyaraka mmoja aliponiona nimekunja uso alinisogelea, akasikiliza hadithi ya mzee wangu, kisha akaniambia maneno ambayo nimeyaandika kwenye daftari langu: "Usiulize mahali paitwaje leo. Uliza yule aliyeandika alipaitaje." Ushauri huo ulinifungulia njia, maana historia ya mwambao wetu wa Ziwa Nyasa ni historia ya kubadilishwa majina. Anayetafuta habari za Liuli zama za Wajerumani hana budi kutafuta Sphinxhafen. Anayetafuta Manda hana budi kutafuta Wiedhafen. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann hapo Liuli, tarehe 13 Agosti 1914, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha Mjerumani alikuwa hajapata hata habari kwamba vita vimeanza! Lakini mwanafunzi wa Liuli anayetaka kusoma kisa hicho kilichotokea mlangoni kwao, akitafuta kwa jina la Liuli aweza kurudi mikono mitupu.

Tena si majina ya miji peke yake. Mipaka nayo inahama. Enzi za Waingereza hapakuwa na Wilaya ya Mbinga. Umatengo wote ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Songea, na kwa miaka mingi Songea ikawa chini ya Jimbo la Kusini. Mbinga ilipewa wilaya yake miaka ya 1970, na mwaka 2012 mwambao wa ziwa ukakatwa kutoka Mbinga ukawa Wilaya ya Nyasa. Kwa hiyo mtu wa Mbamba Bay anayetafuta habari za babu yake ni sharti apite Nyasa, arudi Mbinga, arudi Songea, na pengine afike kwenye majalada ya jimbo zima. Karatasi hazikuhama. Ni wilaya iliyohama, ikaziacha nyuma.

Waingereza nao walikuwa na mipango yao miwili, na inafaa tuilinganishe. Katika makao makuu ya Serikali, Dar es Salaam, majalada yalipewa namba kwa kadiri yalivyofunguliwa. Namba ya aina hiyo ni nzuri kwa karani wa masjala, kwa kuwa humwambia rafu gani aende. Lakini haimwambii mgeni lolote. Jalada la ng'ombe laweza kulala ubavuni mwa jalada la daraja, na bila faharasa mtu ataogelea humo mpaka achoke.

Wilayani mambo yalikuwa tofauti. Kila bwana shauri wa wilaya alitakiwa kutunza Kitabu cha Wilaya, na vitabu hivyo vilikuwa na vichwa vya habari vilivyofanana nchi nzima: historia ya makabila, watawala wao, mila na desturi, ardhi, na kadhalika. Kurasa zake ziliweza kuongezwa kila palipopatikana habari mpya. Aliyejifunza kusoma kitabu cha wilaya moja alikwisha jifunza kusoma vyote. Huo ulikuwa ustadi. Hata hivyo, vichwa vile vilitungwa na mtawala kwa maswali ya mtawala. Yeye alitaka kujua nani chifu na watu wangapi wanalipa kodi. Mpagazi aliyebeba sanduku la mawe hakuwa na kichwa chake.

Sasa turudi kwa mzee wangu. Baada ya kuhangaika na Ruanda, na Songea, na Umatengo, nilikumbuka maneno ya mtunza nyaraka, nikajiuliza: je, mtaalamu wa miamba angepaitaje mahali pale? Mtaalamu wa miamba hajali kata wala tarafa. Yeye hufuata mto. Na mto mkubwa wa upande ule, unaokusanya maji ya Umatengo na kuyamwaga Ziwa Nyasa, ni Ruhuhu.

Hapo mlango ukafunguka. Mwaka 1932, G. M. Stockley, mtaalamu wa Idara ya Jiolojia ya Tanganyika, alichapisha maelezo ya jiolojia ya maeneo ya makaa ya mawe ya Ruhuhu. Makaa ya Ngaka yamo katika bonde hilo hilo. Basi karibu miaka themanini kabla ya lori la kwanza kutoka Ntunduwaro, Wazungu wenye nyundo walikwisha pita bondeni, na habari zao zikapigwa chapa. Ziliwekwa kwa jina la mto, katika kabati la wanajiolojia, ambao makao yao yako Dodoma. Hazikuwekwa kwa jina la Ruanda wala Mbinga.

Sisemi kwamba nimempata baba wa mzee wangu kwa jina. Nasema tu kwamba hadithi yake ina mahali pa kusimama. Nilipompigia simu na kumsomea mwaka na jina la mto, alinyamaza kidogo, kisha nikamsikia akimwita mjukuu wake: "Njoo usikie mwenyewe."

Wako watakaosema, bwana, hayo ni mambo ya kale. Siku hizi kuna kompyuta, andika neno na mashine italeta. Nimejaribu. Andika Ruanda, nayo mashine itakupeleka Kigali mbio kuliko karani yeyote wa Kijerumani! Mashine hutambua herufi. Haijui kwamba unayeuliza ni Mmatengo wala kwamba unauliza habari za makaa, mpaka mtu fulani awe amekwisha kaa chini na kuandika kwamba hii ni Ruanda ya Mbinga, kata fulani, bonde la Ruhuhu. Intaneti yenyewe ilianza na shida hiyo hiyo. Tovuti zilipoanza kuwa nyingi, mwaka 1994, vijana wawili wa Marekani, Jerry Yang na David Filo, walianzisha orodha iliyokuja kuitwa Yahoo, wakizigawa tovuti kwa mafungu ya mambo, kama wale wataalamu wa Marburg na majalada yao ya G.

Nasi tumo humo. Mwaka 2017 mikoa na halmashauri zetu zilizinduliwa tovuti zenye sura moja na vichwa vinavyofanana: Kuhusu Sisi, Utawala, Fursa za Uwekezaji, Huduma Zetu, Madiwani, Miradi, Machapisho. Nilipoviona nilitabasamu, maana nilikumbuka Kitabu cha Wilaya. Ufanani huo ni jambo la kupongezwa. Anayeijua tovuti ya Mbinga hatapotea katika ya Nachingwea. Lakini swali la Kitabu cha Wilaya linabaki: vichwa hivi vimetungwa kwa maswali ya nani? Mwananchi haamki asubuhi akatafuta "Utawala". Anaamka akitaka kujua mpaka wa shamba lake umeandikwa wapi, fomu ya kibali inachukuliwa dirisha gani, kahawa inapokelewa lini. Ofisi inajijua kwa idara zake. Mwananchi anaijua kwa shida yake.

Tunao mfano wetu wenyewe wa kazi iliyoanzia kwa watu. Mwaka 1968, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa bado Chuo Kikuu Kishiriki, wanahistoria John Iliffe na Gilbert Gwassa waliwatuma wanafunzi kukusanya kwa wazee habari za Vita vya Maji Maji, kila mmoja upande wa kwao. Ripoti zile zilikusanywa kwa maeneo. Mtu wa Songea akitaka ya Songea, anakwenda penye Songea. Hazina ile ingeweza kumwagwa ndani ya sanduku moja ikapotea. Ilipangwa, na ndiyo maana ingali inasomwa.

Basi kwa wale wanaoshika masjala, maktaba, parokia na tovuti zetu, ninayo maombi matatu. Kwanza, jina la mahali likibadilika, liandikeni jipya bila kulifuta la zamani, na mpaka ukihama, acheni maandishi ya kuonyesha ulikotoka. Pili, kabla ya kutunga vichwa vya habari, simameni nusu siku dirishani mkaandike maswali kama watu wanavyoyauliza, kwa maneno yao. Tatu, yule mzee wa masjala anayejua kila jalada liliko kwa kichwa chake, mkalisheni aandike orodha kabla ya kustaafu, maana siku akiondoka anaondoka na ufunguo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli, lakini akiba ambayo mwenyewe haioni humwacha na njaa ile ile. Kutoka Songea mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na si kila mzee wa Ruanda ana mtu wa redio wa kumtumia ujumbe. Wengine wanaendelea kuitwa waongo, na karatasi zao za ushahidi zimelala salama kabisa, zimefungwa vizuri kwa kamba, chini ya jina la mto.

Kwa leo nakomea hapo. Tukijaliwa, juma lijalo.