Banda Halifungwi: Mazoezi na Mbio za Farasi Wakati wa Korona

Jumanne ya tarehe 17 Machi 2020, viwanja viwili vya Uingereza, Wetherby na Taunton, viliendesha mbio za farasi huku majukwaa yakiwa matupu. Siku hiyo hiyo wasimamizi wa mchezo huo walitangaza kwamba kuanzia kesho yake mbio zote nchini zinasimama. Kulipokucha Jumatano, farasi wa Newmarket, mji unaotunza takriban farasi 3,000 wa mashindano, walitolewa mabandani kama walivyotolewa jana na juzi. Walipandishwa kwenye nyanda za mazoezi, wakarudi wametota jasho, wakaoshwa, wakalishwa. Mbio zilikuwa zimekwisha kusimama, lakini mazoezi yaliendelea.

Mjadala wa kurejesha mbio hizo, katika nchi nyingi, uliendeshwa kana kwamba tofauti hiyo haipo. Waliopinga waliuliza kama ni haki kufufua burudani ya matajiri na kamari ilhali hospitali zimefurika wagonjwa. Waliounga mkono walijibu kwa kutaja ajira na mapato ya serikali. Pande zote mbili zilianzia uwanjani. Ninadai hapa kwamba mjadala ulipaswa kuanzia bandani, kwa sababu nusu kubwa ya kazi ya mbio za farasi haikufungwa wala haikuweza kufungwa, na kwamba uhalali wa kurejea, pamoja na masharti yake, ulitokana na nusu hiyo. Klabu ya mpira inaweza kuwaambia wachezaji wake wakae nyumbani wakimbie kwenye ua. Farasi hapewi maagizo ya namna hiyo.

Tuanze na mwili wake. Farasi wa mashindano ana uzito wa kilo 500 hivi na hula kilo 10 au zaidi za majani makavu na nafaka kwa siku. Nafaka ile ni nishati ya kazi. Ukimfungia bandani ghafla na kumwachia chakula kile kile, misuli inajaa sukari isiyotumika. Zamani, farasi wa kukokota mizigo walipopumzishwa Jumapili kwa chakula kamili, kesho yake wengine walikakamaa hatua chache tu baada ya kutoka: mapaja yamekuwa magumu kama ubao, jasho linachuruzika, mkojo mweusi kama kahawa. Waingereza waliuita ugonjwa wa Jumatatu asubuhi. Kuna pia msokoto wa tumbo, ambao mabadiliko ya ghafla ya chakula na mazoezi huuchochea, na ambao unaweza kumwua farasi kabla ya siku kwisha.

Halafu kuna mifupa, na hapa ndipo ninapoona hoja ya mazoezi ina nguvu zaidi. Farasi anapokimbia kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, mguu mmoja wa mbele hubeba, kwa kitambo kidogo sana, mzigo unaokaribia mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wake wote. Mfupa wa muundi hujijenga kulingana na mzigo unaouzoea, na ukikosa mzigo hulegea. Kwa hiyo farasi aliyekaa wiki nane bila kazi kisha akapelekwa mbioni kwa haraka yuko hatarini kuliko yule aliyeendelea kutembezwa na kukimbizwa kwa kiasi. Waliosema mazoezi yasimame ili kupunguza ajali na kuwapa madaktari nafasi walikuwa na nia njema, na kwa kweli ni busara kupunguza kazi ya kasi kipindi kama hicho. Lakini kuyasimamisha kabisa kungeahirisha ajali tu, tena kungeziongeza.

Mtu wa kutembeza mwili huo ni nani? Kiswahili kina jina lake la siku nyingi: saisi. Ndiye anayefika kabla ya jua, anayeinua ukwato na kuuweka juu ya paja lake ili aukwangue samadi na vijiwe, anayepitisha kiganja kwenye kano za miguu kutafuta joto ambalo jana halikuwapo. Kazi hii haina njia ya mkato wala ya mtandao. Ukiitazama kwa karibu, hata hivyo, unagundua kwamba sehemu yake kubwa ni ya mtu mmoja na farasi mmoja, na farasi mwenyewe ni kizuizi kizuri: watu wawili waliopanda, wakienda mmoja nyuma ya mwingine, wanatenganishwa na zaidi ya mita mbili za mnyama. Hatari iko kwingine. Iko pale mpandaji anapokunja goti na mwenzake akamshika muundi kumrusha juu ya tandiko, nyuso zao zikiwa shibiri chache. Kigoda cha kukanyagia kinaondoa hatari hiyo. Iko katika chumba cha hatamu na matandiko, ambacho ni kidogo na hakina madirisha ya kutosha. Iko katika gari la kusafirishia farasi, masaisi wawili na dereva wakibanana mbele kwa saa tatu. Na zaidi ya yote iko katika nyumba za pamoja ambamo masaisi vijana hulala na kupika, mahali ambapo tangazo la kukaa mbali na mwenzako halina maana yoyote.

Msomaji wa Nairobi anaweza kuliona jambo hili kwa macho yake bila kwenda Newmarket. Marufuku ya kutoka nje iliyoanza Kenya tarehe 27 Machi 2020 ilidumu kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tangu Aprili 6 hadi Julai 7 watu hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake. Saisi anayetunza farasi wa mbio kando ya barabara ya Ngong, na ambaye anaishi mbali kwa sababu kodi ya karibu haimudu, angefanyaje? Kazi yake huanza wakati ule ule marufuku inapokwisha. Ama alale kazini, ama achelewe, ama akutane na polisi njiani. Marufuku ilipolegezwa mapema Juni ikawa inakwisha saa kumi alfajiri, saa hiyo moja kwa mtu wa ofisini ilikuwa si kitu, na kwa saisi ilikuwa ndiyo siku yenyewe. Ndiyo maana nasisitiza kwamba amri zinazofunga michezo zitenge wazi utunzaji wa wanyama na watu wake, wapewe vibali kwa jina la kazi hiyo, badala ya kuwaacha wategemee huruma ya askari wa kizuizini. Katika kaunti 5, Nairobi ikiwamo, michezo ilisimamishwa tena tarehe 26 Machi 2021, na swali likawa lile lile.

Sasa fedha. Farasi aliyefunguliwa kwa mazoezi lakini asiyeruhusiwa kushindana ni gharama isiyo na mapato. Chakula, kiatu cha chuma, daktari na mshahara wa saisi vinaendelea. Zawadi za ushindi hazipo. Mwenye farasi atavumilia mwezi, pengine miwili. Baada ya hapo ataanza kupunguza farasi, na farasi wakipunguzwa masaisi hupunguzwa pia. Hapa nchi zilitofautiana sana, na sababu ya tofauti ni mahali fedha zinapotoka. Hong Kong iliendelea na mbio bila kukatisha msimu, na Japani iliondoa watazamaji kuanzia tarehe 29 Februari 2020 ikaendelea kila wikendi, kwa kuwa kote kuwili dau huwekwa kwa chombo kimoja na linaweza kuwekwa kwa simu au intaneti. Japani mwaka huo ilimpata Contrail, farasi aliyetwaa mataji matatu makuu ya umri wake bila kushindwa, na mengi ya mafanikio hayo yalitokea mbele ya viti vitupu. Afrika Kusini mambo yalikuwa kinyume. Mbio zilisimama na amri ya kufunga nchi ya Machi 27, maduka ya kamari yakafungwa, na mwezi Mei kampuni ya Phumelela, iliyomiliki viwanja kadhaa na ambayo ilikuwa imeyumba tangu kabla ya janga, iliingia katika utaratibu wa kisheria wa kuokoa biashara. Durban July, sherehe ambayo kwa kawaida huujaza uwanja wa Greyville mwanzoni mwa Julai, ilikimbiwa Julai 25 bila umma, na Belgarion akashinda.

Kwa hiyo kusema kwamba mbio zilirejeshwa kwa ajili ya kamari ni kusema nusu ya ukweli. Kamari ndiyo mfereji. Maji yake huishia kwenye ndoo ya bandani. Mtu anaweza kuuchukia mfereji huo, nami nina mashaka yangu makubwa kuuhusu, lakini mwezi wa Aprili katikati ya janga si wakati wa kuukata bila kuandaa mwingine.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu imani. Kuanzia Machi 10 hadi 13, 2020, siku chache tu kabla ya kufungwa, tamasha la Cheltenham lilipokea zaidi ya watu 250,000 kwa siku nne. Serikali ya Uingereza wakati huo haikuwa imepiga marufuku mikusanyiko, na waandaaji walijitetea hivyo. Utetezi huo hauniridhishi. Mwaka 2001 tamasha hilo hilo lilifutwa kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo, ugonjwa wa ng'ombe na kondoo ambao farasi hata haumpati, ila viatu na magurudumu ya watu huusambaza. Sekta iliyokubali kusitisha ili kukinga mifugo ya majirani ilikuwa na kumbukumbu ya kutosha kusitisha ili kukinga majirani wenyewe, bila kungoja kuamriwa. Wakosoaji walipowaambia wenye mbio, mwezi wa Mei, kwamba hawaaminiki, walikuwa na haki.

Hata hivyo uaminifu hujengwa kwa utaratibu, na utaratibu ulikuwapo. Watu wa farasi walikuwa wamezoea karantini kuliko wanamichezo wengine wote. Februari 2019 mbio za Uingereza zilisimamishwa kwa siku sita kwa sababu ya homa ya mafua ya farasi. Sampuli za pua zilichukuliwa kwa wingi, mabanda yakafungiwa hadi majibu yatoke. Australia mwaka 2007 ilipitia makubwa zaidi: virusi vya mafua ya farasi, ambavyo havikuwahi kuwapo nchini humo, vilitoka katika kituo cha karantini cha Eastern Creek karibu na Sydney, na farasi wakazuiwa kusogea hatua. Kutokana na historia hiyo, kila farasi ana hati yake, kila saisi ana kitambulisho cha kuingilia bandani uwanjani, na kila safari imeandikwa. Mtu akiugua, orodha ya aliokutana nao ipo tayari. Sijui mchezo mwingine ulioingia katika janga ukiwa na daftari kamili namna hiyo.

Daftari hilo ndilo lililotumika tarehe 1 Juni 2020, Newcastle, mbio ziliporejea Uingereza, zaidi ya wiki mbili kabla ya ligi kuu ya soka. Kila aliyeingia alikuwa amejaza maswali ya afya na kusoma somo la kinga, alipimwa joto langoni, na wapandaji walivaa barakoa. Farasi hawakuzidi 12 katika kila mbio. Wenye farasi walibaki nyumbani. Zodiakos, ambaye wachache walimtarajia, alishinda mbio ya kwanza, na hakuna aliyemshangilia ila watu waliokuja naye. Mbio za kuruka viunzi, ambamo watu huanguka na kuhitaji vitanda vya hospitali, zilisubiri hadi Julai 1. Mpangilio huo naukubali: ulipima kila aina ya mbio kwa mzigo inaoweza kuwatwisha madaktari.

Ufaransa ilitangulia, ikarudi Longchamp Mei 11, lakini baada ya siku chache tu serikali ikafunga tena viwanja vya maeneo yaliyohesabiwa kuwa mekundu, Paris ikiwamo. Waliojiandaa kwa mazoezi ya mwezi mzima walijikuta njiani na farasi walio tayari na pasipo pa kukimbilia. Kwa farasi wa miaka mitatu hili si dogo, kwani mbio kubwa kama Derby ni za umri huo tu. Akikosa mwaka huu, hana mwaka mwingine. Ndiyo sababu Derby ya Epsom, ambayo kwa desturi huwa mwanzoni mwa Juni, ilisogezwa hadi Julai 4 badala ya kufutwa. Serpentine aliongoza peke yake kwa umbali mrefu, akafika mwisho katika ukimya ambao uwanja ule haujauzoea.

Badiliko lililonigusa zaidi katika kipindi chote hicho halikutokea kwenye njia ya mbio. Katika vyumba vya wapandaji nchini Uingereza kulikuwa na vyumba vya mvuke, ambamo vijana waliketi kabla ya mbio wakijikamua jasho ili wafikie uzito uliopangwa, kisha wakapanda farasi wakiwa na kiu na kizunguzungu. Mvuke na msongamano ni mazingira mazuri kwa virusi, kwa hiyo vyumba hivyo vilifungwa, na viwango vya uzito vikapandishwa kidogo ili wapandaji wasiadhibiwe. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wameonya juu ya desturi hiyo bila kusikilizwa vya kutosha. Vizuizi vilipoondolewa, watazamaji walirudi, wenye farasi walirudi, kamari ya dukani ilirudi. Vyumba vya mvuke havikurudishwa.