Bwawa jipya la samaki likigeuka kijani: namna ya kuudhibiti mwani kabla ya madhara

Anayechimba bwawa lake la kwanza la tilapia katika bonde la Bugarama, wilayani Rusizi, hukutana na mtihani uleule majuma machache tu baada ya kufungulia maji. Maji yaliyokuwa maangavu hubadilika rangi, nyuzi za kijani huota pembezoni, na ukoga huanza kuelea. Wapo wanaoingiwa na hofu wakayamwaga maji yote. Wapo wanaotafuta dawa ya kuua mwani. Na wapo wanaofurahi wakaongeza samadi. Wote hao wanaweza kupoteza samaki, kwa sababu mwani ndio chakula cha bwawa, na mwani huohuo ukizidi ndio unaolinyima pumzi.

Kwa nini bwawa jipya huathirika zaidi

Mwani huhitaji vitu vitatu: jua, joto na rutuba. Bonde la Bugarama, lililo chini sana kuliko Kamembe na ufuo wa Ziwa Kivu, lina jua na joto la kutosha, na hali hiyo huwafaa tilapia, ambao hukua vyema maji yanapokuwa na nyuzijoto 25 hadi 30. Rutuba nayo hutoka katika samadi, mabaki ya chakula, kinyesi cha samaki, na wakati mwingine katika maji yaliyopita kwenye mashamba ya mpunga yaliyotiwa mbolea.

Katika bwawa lililokomaa, rutuba hiyo hugawanywa. Bakteria huyageuza mabaki, wadudu wadogo wa majini hula mwani, na samaki huwala wadudu na mwani pia. Bwawa jipya bado halina jamii hiyo ya viumbe, kwa hiyo mwani hubaki peke yake mezani. Ndivyo ilivyo hata katika matangi ya kioo ya maji ya chumvi yanayofugiwa matumbawe: bakteria wa kusafisha maji huhitaji takriban wiki nne hadi sita kujijenga, na mwani hutangulia kuenea.

Hatari huja alfajiri

Mchana mwani hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku kazi hiyo hukoma, lakini mwani huendelea kupumua pamoja na samaki na bakteria. Kwa hiyo oksijeni hupungua saa baada ya saa, na hufikia kiwango cha chini kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Siku za mawingu mazito huongeza hatari, kwa kuwa akiba ya mchana huwa ndogo.

Mfugaji anayelitembelea bwawa saa nne asubuhi peke yake hawezi kuiona dalili hii. Anayefika alfajiri huwaona samaki wamekusanyika juu, vinywa wazi, wakivuta hewa. Kwa kuwa tilapia huhitaji miezi sita au zaidi kufikia uzito wa kuuzwa, usiku mmoja wa kukosa hewa unaweza kufuta kazi ya msimu mzima.

Kipimo kisicho na gharama

Mwaka 1865 padri na mwanasayansi wa Italia, Angelo Secchi, alipima uangavu wa maji ya bahari kwa kuteremsha kisahani na kutazama kinapopotelea machoni. Mfugaji anaweza kutumia kanuni hiyohiyo kwa mkono wake. Jua likiwa limepanda, aunyooshe mkono wima majini, kiganja kikiwa kimekunjwa kuelekea mbele, na auzamishe polepole.

Kiganja kikipotea maji yanapofika karibu na kiwiko, yaani sentimita 25 hadi 30, mwani unatosha. Kikionekana hata baada ya kiwiko kuzama, maji ni maskini na yanaweza kuongezwa samadi kidogo. Kikipotea mapema, maji yakiwa bado karibu na kifundo cha mkono, mwani umezidi. Kipimo hiki hufaa tu kama rangi ni ya mwani. Tope lililotibuliwa na mvua hudanganya.

La kufanya mwani unapozidi

Hatua ya kwanza ni kusimamisha samadi na kupunguza chakula, kwa kuwa kila kisicholiwa hugeuka mbolea. Ya pili ni kutoa sehemu ya maji ya chini ya bwawa, kama theluthi moja, na kuingiza maji safi taratibu. Maji hayo yakianguka kutoka juu hujichanganya na hewa na kuwasaidia samaki wanaohema.

Mwani wenye nyuzi huondolewa kwa reki na kupelekwa mbali na ukingo, ili mvua isiurudishe. Kinga yake ni kina: mahali penye maji ya kina kifupi jua hufika chini na nyuzi huota, lakini penye mita moja, maji yakiwa na ukijani wa wastani, kivuli huzizuia.

Dawa za kuua mwani, hasa zenye shaba, hazimfai mfugaji asiye na vifaa vya kupimia maji. Zinaweza kuwadhuru samaki moja kwa moja, na mwani mwingi ukifa kwa pamoja, kuoza kwake hula oksijeni iliyosalia.

Ukoga wa kuogopwa

Aina moja huhitaji tahadhari ya pekee. Ni ukoga wa kijani unaokaribia buluu, unaoelea kama rangi iliyomwagika na mara nyingi hunuka. Baadhi ya jamii zake hutoa sumu inayoweza kudhuru ini la watu na mifugo, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Watu wasiyanywe wala kuyaogea maji hayo, na ng'ombe na mbuzi wazuiwe.

Somo kutoka Kivu

Ziwa Kivu lenyewe linaonyesha thamani ya mwani. Rutuba yake nyingi imefungiwa vilindini, hivyo maji ya juu huwa na mwani mchache. Hata hivyo, mwani huo hulisha viumbe wadogo wanaoliwa na isambaza, samaki walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kwa hiyo anayeanza ufugaji asilenge kuumaliza mwani. Atie samadi kidogo kidogo, aweke vifaranga wasiozidi wawili kwa kila mita ya mraba, apime kwa mkono kila wiki na kuandika matokeo daftarini. Rangi ikibadilika ghafla au samaki wakihema alfajiri, asimamishe samadi na chakula siku hiyohiyo, kisha amwone afisa wa mifugo wa sekta yake.