Dawn Staley Hakubadili Kazi

Wapenzi wa michezo huamini kwamba mchezaji bora ni nadra kuwa kocha bora. Imani hiyo ina mantiki: mwenye kipaji cha kuzaliwa hufanya maajabu asijue ameyafanyaje, na asichoweza kukieleza hawezi kukifundisha. Dawn Staley wa Marekani anaonekana kuipinga waziwazi. Alitwaa dhahabu tatu za Olimpiki katika mpira wa kikapu akiwa mchezaji, mwaka 1996, 2000 na 2004, kisha akaiongoza Marekani kutwaa nyingine mwaka 2021 akiwa kocha mkuu Tokyo. Lakini ukiifuatilia historia yake, utaona kwamba kazi aliyoifanya uwanjani na aliyokuja kuifanya kando ya uwanja ni moja.

Staley alizaliwa mwaka 1970 akakulia Philadelphia ya Kaskazini, katika nyumba za umma za Raymond Rosen. Kimo chake ni takriban mita 1.68, na mfupi katika mchezo wa warefu huishi kwa macho. Alikuwa mchezeshaji, yule anayevuka mstari wa kati akidunda mpira huku akipanga wenzake wanne: nani amechoka, nani hajaugusa mpira kitambo, beki yupi wa upinzani ameanza kuzubaa. Alikichezea Chuo Kikuu cha Virginia kuanzia 1988 hadi 1992, akafika nne bora ya taifa mara tatu bila kutwaa ubingwa. Katika fainali ya 1991 Virginia ilifungwa na Tennessee 70–67 katika muda wa nyongeza, na bado Staley akatangazwa mchezaji bora wa hatua hiyo. Mtu aliyecheza vizuri kuliko wote akashindwa hana budi kujiuliza timu hukwama wapi, na hilo ndilo swali la kila siku la kocha.

Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Temple, kilichopo Philadelphia ya Kaskazini kwao, kilimpa timu ilhali hajawahi kufundisha. Ligi ya kulipwa ya wanawake, WNBA, huchezwa majira ya joto na ile ya vyuo majira ya baridi, kwa hiyo hadi 2006 alikuwa kocha miezi fulani na mchezaji miezi mingine. Mwana wa mhunzi asiposana hufukuta; Staley alisana na kufukuta kwa wakati mmoja. Katika misimu minane aliipeleka Temple kwenye mashindano ya taifa mara sita.

Watakaopinga watasema mataji ameyapata South Carolina, chuo chenye fedha za futiboli ya Kimarekani. Fedha husaidia, hilo halina ubishi. Lakini kabla hajafika mwaka 2008 chuo hicho hakikuwahi kuingia nne bora ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, na msimu wake wa kwanza alishinda mechi 10 akapoteza 18. Taji la kwanza lilikuja 2017, la pili 2022. Baada ya msimu wa 2022–23 wachezaji wote watano wa kikosi cha kwanza waliondoka. Msimu uliofuata timu ilishinda mechi 38 bila kupoteza hata moja, ikaifunga Iowa 87–75 katika fainali. Fedha huleta wachezaji, ila haziwafundishi kuelewana kwa macho.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba huyu ni mmoja tu, kwani wanawake wengi hawapewi timu za kufundisha. Sheria iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu ilipopitishwa mwaka 1972, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Bajeti zilipokua, wanaume wakazifuata kazi hizo, na sehemu ya wanawake ikashuka chini ya nusu. Mwaka 1999 Carolyn Peck, akiwa na Purdue, alikuwa kocha wa kwanza mwanamke Mweusi kutwaa taji la taifa la daraja la juu. Baadaye alimkabidhi Staley, naye mwanamke Mweusi, kipande cha wavu wa kikapu ambao mabingwa, kwa desturi, waliukata siku ya taji. Mwaka 2021 Staley naye aliugawa wavu wake wa 2017 kwa makocha wanawake Weusi wa daraja hilo. Kipande cha uzi hakimwajiri mtu. Wanaoajiri wangeanza kwa kuuliza mwombaji alicheza nafasi gani, alishindwa wapi na alijifunza nini hapo, hesabu ya medali ingekuja mwisho.